Meno Mia Moja Kwenye Mninga: Kwa Nini Milango Iliachia Gundi

Milango mitatu ya mninga ilirudishwa kwenye karakana moja ya Soweto, jijini Mbeya, kabla haijamaliza hata kiangazi kimoja. Fremu zilikuwa nzima na bawaba hazikuwa na tatizo. Paneli ndizo zilizofunguka. Pale vipande viwili vilipounganishwa ubavu kwa ubavu, mstari wa gundi uliachia kutoka juu hadi chini, na ukisimama ndani unaona mwanga wa nje. Mwenye nyumba, mama mmoja wa Uyole, alisema ameuziwa mbao mbichi. Mwenye karakana alisema gundi ya siku hizi imechakachuliwa. Kijana wa mashine hakusema kitu. Kwake yeye kila kitu kilikuwa sawa, tena bledi, lile duara la chuma lenye meno linalokata mbao, ilikuwa mpya kabisa, na yeye ndiye aliyetumwa kuinunua.

Mimi niliitwa kwa jambo jingine: mota ya mashine ya kupasulia ilikuwa inazima katikati ya mbao. Habari ya milango niliisikia nikiwa pale, nikaomba niletewe mmoja mezani. Karakana ambayo mota inazidiwa na viungo vinaachia kwa msimu mmoja mara nyingi ina ugonjwa mmoja tu, na ni vizuri kuutafuta huo kabla ya kununua mota nyingine na gundi nyingine.

Nilianza na kiungo chenyewe. Gundi nyeupe ya mbao ikishika sawasawa huwa na nguvu kuliko mbao inayoshikwa. Ukikivunja kiungo cha namna hiyo, mbao ndiyo huchanika, na kila upande hubaki na nyuzi za mwenzake. Kwenye paneli hizi hapakuwa na unyuzi hata mmoja. Gundi ilikuwa imekauka vizuri, ikabaki kama ngozi nyembamba unayoweza kuibandua kwa ukucha. Chini yake ubavu wa mninga ulikuwa laini, unang'aa, na una mabaka ya kahawia iliyokolea, mahali pengine meusi. Gundi haikuwa mbovu. Ilipakwa mahali ambapo haikuweza kuingia.

Mbao nayo nilitaka kuitendea haki. Kipima unyevu kilionyesha asilimia 12 hadi 13, kiwango kinachokubalika kwa milango ya mahali pakavu kama Mbeya ya kiangazi. Paneli zilikuwa huru ndani ya mfereji wa fremu, hazikugongwa msumari wala kugandishwa kwa gundi kwenye kingo, kwa hiyo hata kama zingenywea kidogo zingejisogeza humo mferejini bila kuvunjika. Mbao ikatoka lawamani. Mzee mwenye karakana alishusha pumzi, maana mninga ule ulitoka upande wa Chunya na alikuwa ameukausha chini ya bati kwa uvumilivu mwingi.

Kipimo cha mwisho hakihitaji kifaa. Nilidondosha tone la maji kwenye ubavu ulioungua, na jingine kwenye ubavu tulioupiga randa hapo hapo. Kwenye ule wa randa maji yalitawanyika na kuzama. Kwenye ule ulioungua tone lilikaa juu kama kipira. Nikamwambia, "Mzee, gundi yako ni maji kwa sehemu kubwa. Mahali maji hayaingii, gundi itaingiaje?" Akaligusa lile tone kwa kidole, akaita vijana wote waje waone.

Tukaenda kwenye mashine. Ni ya kutengenezwa hapa hapa, kama nyingi za Mbeya na Iringa: fremu ya angle za chuma, meza ya bamba nene, shafti juu ya beringi mbili, mkanda na puli, mota ya njia tatu. Ni mashine ya heshima, na sikuona sababu ya kuilaumu. Bledi ilikuwa ya inchi 12, yenye vipande vya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, kwenye ncha, na meno 100.

Mia moja. Mzee alinieleza kwa nia njema kabisa kwamba aliagiza yenye meno mengi kwa sababu kazi ilikuwa ya mteja mkubwa na alitaka ubavu utoke safi. Dukani kijana akapewa hiyo, na akaambiwa ndiyo nzuri kuliko zote pale. Bei yake ilithibitisha.

Nilipoitoa na kuitazama kwenye mwanga, mambo mawili yalionekana. Kwanza, meno yalipishana maumbo: moja bapa, linalofuata limekatwa pembe zote mbili. Pili, uso wa jino haukuinamia mbele kuelekea mbao, uliegemea nyuma kidogo. Umbo hilo likikutana na mwegemeo huo, kwa kawaida bledi ni ya aluminiamu. Jino linaloegemea nyuma ni la busara kwenye aluminiamu, kwa sababu halimezi chuma kwa pupa na kukirusha. Kwenye kupasua mbao ngumu ni mateso, maana jino linaisukuma mbao badala ya kuivuta na kuimega. Mafundi madirisha wa aluminiamu wamekuwa wengi mjini, na maduka yamejaza bledi zao. Ukiingia na kusema tu "nipe ya meno mengi, inchi 12", uwezekano wa kutoka na ya aluminiamu ni mkubwa.

Lakini hata ingekuwa ya mbao, meno 100 kwa kupasua bado ni kosa. Hapa watu hawaamini mpaka waone namba, basi tuzipige. Mota ile inazunguka karibu mara 1,440 kwa dakika. Puli ya mota ni inchi 6 na ya shafti ni inchi 3, kwa hiyo bledi inazunguka mara 2,880. Bledi ya meno 100 inapitisha mbele ya mbao meno 288,000 kila dakika. Mbao ya mita 2.4 ilikuwa inachukua takribani dakika nzima, kwa sababu ilikataa kwenda haraka zaidi. Gawanya milimita 2,400 kwa 288,000: kila jino linapewa milimita 0.008. Karatasi ya daftari ina unene wa karibu milimita 0.1. Jino lilikuwa linaombwa limege kitu chembamba kuliko sehemu ya kumi ya karatasi.

Hakuna ncha ya kabaidi inayoweza kazi hiyo kwenye mninga, hata ikiwa imetoka dukani asubuhi. Inateleza juu, inasugua, na kusugua kunazaa joto. Mninga una utomvu wake mwekundu, ule unaotoka kama damu mti ukichanjwa, na mabaki yake kwenye mbao iliyokauka hupata joto, hunata kwenye meno na kuungua. Jino lenye masizi halikati tena hata kile kidogo lilichokuwa linakata. Ndivyo ubavu ulivyopata ule mng'ao ambao mzee aliusifu kuwa ni usafi. Ulikuwa mng'ao wa mbao iliyopigwa pasi.

Tazama sasa bledi ya meno 24 kwenye shafti ile ile. Inapitisha meno 69,120 kwa dakika. Mbao ile ile ikienda kwa sekunde 40, kila jino linapata milimita 0.052, zaidi ya mara sita ya mwanzo. Mwendo wa ncha haujabadilika: bledi zote mbili zina kipenyo cha milimita 305, na kwa mizunguko hiyo ncha inasafiri karibu mita 46 kwa sekunde. Kilichobadilika ni kwamba kila jino sasa lina kitu cha kumega, na joto linaondoka na kile kipande badala ya kubaki kwenye ubavu.

Jambo la pili ni nafasi ya taka. Ukikata mbao kukingama, taka ni unga. Ukipasua kufuata nyuzi, jino linachomoa vijiti virefu vyembamba vinavyotaka mahali pa kukaa mpaka bledi itoke upande wa pili. Kwenye bledi ya meno 100, kutoka ncha hadi ncha ni chini ya milimita 10, na bonde lililo katikati halitoshi kitu. Kwenye ya meno 24 ni karibu milimita 40, na bonde lake ni refu. Mbao za mzee zilikuwa na unene wa inchi mbili. Kwa unene huo meno matano au zaidi ya ile bledi ya meno 100 yalikuwa ndani ya mbao kwa wakati mmoja, kila moja limejaa taka isiyo na pa kwenda, na yote yanaburutwa na mota moja. Mota kuzima haikuwa ajabu. Kilichonitisha ni kwamba mtu alikuwa amepandisha kipimo cha ovalodi ili isizime. Kifaa hicho kipo kuokoa nyaya za mota zisiungue, nasi tukakirudisha kwenye namba iliyoandikwa kwenye kibao cha mota kabla ya kufanya lolote jingine.

Wapasuaji wa nyanda hizi walilijua jambo hili kabla umeme haujafika vijijini. Msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini, una meno makubwa yaliyoachana, na hakuna mzee aliyewahi kupasua gogo kwa msumeno wa kukatia wenye meno madogo. Nenda Mafinga au kokote kuzunguka msitu wa Sao Hill uangalie mashine za dingdong zinavyopasua paini na mikaratusi: bledi kubwa, meno machache, mabonde mapana. Mwenye dingdong hatafuti ubavu wa kung'aa, anatafuta mbao itoke. Ubavu wa kung'aa ni kazi ya randa. Maarifa haya yamepotea njiani kati ya msitu na mjini, nadhani kwa sababu bledi ya kabaidi huja ndani ya boksi zuri na idadi ya meno ndiyo namba inayosomeka upesi.

Tulipata bledi ya meno 24 ya inchi 12, meno yake bapa juu, yameinamia mbele kwa nyuzi 20. Njia inayokata ina upana wa milimita 3.2 na mwili wa bledi ni milimita 2.2. Tundu lake lilikuwa la milimita 30, na shafti ya mashine ni milimita 25.4. Hapa nataka kusimama kidogo. Nimeona karakana zikijaza nafasi hiyo kwa bati la kopo lililozungushwa. Bledi iliyokaa nje ya katikati inakata kwa meno ya upande mmoja tu, mengine yanapita hewani, na mtetemo wake unakula beringi. Ring ya kupunguzia inayolingana sawasawa ni kitu kidogo. Kama duka halina, fundi wa lathe ataichonga. Usifunge bledi bila hiyo.

Mbao ya kwanza ilipita kwa sauti tofauti kabisa. Mota haikulalamika, na chini ya meza vikaanguka vijiti vya rangi ya mninga badala ya vumbi jeusi. Vijana wakafurahi. Lakini tulipoigeuza mbao, ubavu ulioelekea fensi, ile reli ya mezani inayoongoza mbao, bado ulikuwa na baka la kahawia kuelekea mwisho, na ubavu wa pili ulikuwa safi.

Bledi isiyofaa inachoma pande zote mbili. Upande mmoja ukiungua na mwingine usiungue, tafuta kosa kwenye mwelekeo wa mbao. Tulizima umeme kwenye swichi kuu, tukaweka alama ya chaki kwenye jino moja, tukapima kutoka jino hilo hadi fensi likiwa mbele. Kisha tukaizungusha bledi kwa mkono mpaka jino lile lile likafika nyuma, tukapima tena. Kutumia jino moja ni muhimu, kwa sababu bledi ikiwa imepinda kidogo, kosa lake haliingii kwenye kipimo. Nyuma palikuwa pamebana kwa milimita moja nzima. Fensi ilikuwa inaisukuma mbao kwenye meno ya nyuma, yale yanayopanda kutoka mezani, ambayo kazi yake imekwisha na hayatakiwi kugusa kitu.

Hiyo ndiyo hali inayorusha mbao. Meno ya nyuma yakiishika, yanaiinua na kuirudisha kwa mwendo ule wa mita 46 kwa sekunde kuelekea tumbo la aliyesimama. Kijana akasema taratibu, "Fundi, imewahi kunirudia mara nyingi, nikadhani ni mninga." Tuliilegeza fensi, tukaipanga mpaka vipimo vikalingana, na nyuma tukapaacha wazi zaidi kwa unywele tu. Baka likatoweka.

Mashine ile haikuwa na kisu cha nyuma, lile bamba jembamba linalosimama mgongoni mwa bledi kuzuia njia iliyokatwa isijifunge. Nyingi za kuchomelea mitaani hazina, na hili ndilo jambo ningependa kila mchomeleaji wa Mbeya alisikie. Bamba lake linatakiwa liwe nene kuliko mwili wa bledi na jembamba kuliko njia inayokatwa. Kwa bledi hii ya 2.2 na 3.2, bamba la milimita 2.5 linafaa. Likae sawa na mstari wa bledi, karibu na meno ya nyuma kwa umbali usiozidi milimita 8, na lisizidi urefu wa bledi juu ya meza. Tulilitengeneza jioni ile kwa bamba la chuma na boliti mbili. Mninga uliokauka vizuri ni mpole, unaweza kukusamehe bila hilo kisu. Mkaratusi hausamehe. Gogo lake lina mvutano ndani, na ukiufungua unaona mbao ikijikunja na kuibana bledi mbele ya macho yako.

Urefu wa bledi nao tuliubadilisha. Walikuwa wanaiacha ichungulie kidogo tu juu ya mbao, wakiamini ndiyo usalama. Bledi ikiwa chini sana, meno husafiri karibu kulala ndani ya mbao, njia inakuwa ndefu na joto linaongezeka. Tuliipandisha mpaka mabonde ya meno yakatoka juu ya mbao, taka ikapata pa kutokea. Bledi iliyo juu hivyo inataka kava juu yake na kijiti cha kusukumia mkononi, na kijiti hicho kikafungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ili kisitumike kukorogea rangi.

Ubavu wa meno 24 una mistari, na hiyo ndiyo iliyomtia mzee wasiwasi. Tulikubaliana apasue kila kipande kikiwa kimezidi milimita 2, kisha randa ya mashine ichukue ziada. Ubavu wa randa kali ndio unaopokea gundi vizuri kuliko wote, mradi uunganishwe siku ile ile. Paneli za mama wa Uyole zilitenganishwa, zikapigwa randa hadi rangi ya kahawia ikaisha yote, zikaungwa upya kwa gundi ile ile iliyolaumiwa. Upana uliopotea ulijazwa kwa kipande chembamba cha mninga katikati ya kila paneli. Mzee alimweleza mteja ukweli kuhusu sababu, wala hakuongeza bei.

Vumbi nalo nalisema kwa uzito. Bledi inayosugua hutoa unga laini unaoelea, na unga wa mninga unawasha pua na kifua kwa watu wengi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995. Taka nzito inayoanguka chini ni nafuu kwa mapafu ya vijana kuliko ile hewa nyekundu niliyoikuta siku ya kwanza, ingawa barakoa bado inahitajika.

Karakana sasa ina bledi mbili: ya 24 kwa kupasua na ya 60 kwa kukata kukingama. Mwenye uwezo wa moja tu, kwa inchi 12 ningemshauri achukue ya meno 40 yaliyoinamia mbele, akubali kwamba itapasua polepole kidogo na kukata kwa ukali kidogo. Dukani soma mambo manne yaliyochapwa kwenye bledi: kipenyo, tundu, upana wa njia, na mizunguko ya juu kabisa inayoruhusiwa, ambayo lazima iwe zaidi ya ile ya shafti yako. Kisha shika bledi uangalie jino limeinamia wapi. Hilo la mwisho muuzaji hawezi kukudanganya.

Kabaidi hainolewi kwa tupa kama bledi za chuma tulizozizoea. Inataka jiwe la almasi na mkono unaojua pembe, na kunoa vibaya kunaiua upesi kuliko kazi. Kwa hiyo kuitunza kunalipa. Mbao zilizopasuliwa kwa chensoo porini huja na mchanga na udongo, zisugue kwa brashi ya waya kabla hazijagusa meza. Mvule uuogope zaidi, kwa sababu ndani yake huwa na chokaa iliyoganda kuwa jiwe, na usiku mmoja wa kazi unaweza kumaliza ukali wa mwezi. Masizi na utomvu yakianza kuonekana kwenye meno, loweka bledi kwenye maji ya moto yenye sabuni, isugue kwa brashi ya plastiki, ikaushe, ipake mafuta kidogo. Mara nyingi bledi inayodhaniwa butu ni chafu tu. Ikiwa imeoshwa, fensi imepimwa, na bado mkono unahisi mbao inasukumwa kwa nguvu kuliko wiki iliyopita, hapo ndipo itoe kwenye shafti uipeleke ikanolewe.